Ng'ombe Niliyepewa kwa Mdomo

Ukiona geti la chuma Gikondo, hapa Kigali, lenye mikuki juu na jua lililokunjwa katikati, usiulize fundi ni nani. Ni mimi. Na kama geti lenyewe ni la mwaka wa tisini au tisini na moja, basi ni mimi kwa mkono wangu, kabla sijaanza kuwaachia mafundi mashine. Nilisoma Nyamirambo mpaka darasa la nne, baba akafa, na shule ikafa naye. Kuchomelea nilijifunza kwa kuchungulia tundu la ukuta wa gereji ya watu, bila miwani, macho yakivimba kama yametiwa pilipili. Hakuna aliyenishika mkono. Mdogo wangu nilimlea mimi, mama nilimzika mimi, kiwanja nilikinunua mimi. Nasema haya ili ujue uzito wa jambo moja: mtu aliyejipatia kila kitu mwenyewe, siku akipewa kitu, hukipokea kwa mikono miwili na macho yamefumba.

Kitu chenyewe kilikuwa ng'ombe.

Sisi Waswahili wa Nyamirambo tulikuwa na kila kitu isipokuwa kilima na ng'ombe. Cherehani zetu, malori yetu, msikiti wetu, pilau letu la Idi ambalo hata waliotusema walikuja kulila. Lakini Mnyarwanda akitaka kukupima haulizi una nini. Anauliza unatoka kilima gani, na ni nani aliyewapa ng'ombe kwenu. Baba yangu aliingia nchi hii kutoka upande wa Kongo na mzigo wa chumvi wa mtu mwingine kichwani. Mama alikuwa wa hapa, ila alipoolewa na Mswahili ndugu zake walimfuta. Kwa hiyo sikuwa na wa kumtaja. Wenzangu wakitaka kuaminiwa huapa kwa mtu aliyewapa ng'ombe. Hicho ndicho kiapo, kingine hakuna. Mimi niliapa kwa Mungu na watu wakatabasamu tu, maana kwa Mungu kila mtu anaweza kuapa.

Palikuwa na nyumba ya maziwa Muhima, mlango wa bluu, madawati marefu, maziwa ya moto kwenye birika kubwa na ya mgando kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa. Nilikuwa nakwenda kila alasiri, kwa sababu pombe sinywi na mtu mwenye karakana lazima aonekane. Huko ndiko nilikozoeana na mwalimu mmoja. Alikuwa amesoma seminari mpaka akakaribia kabisa kuvaa kanzu ya padri, halafu akatoka, akawa anafundisha falsafa kwenye sekondari moja mjini. Alikuja kwanza kwangu kutaka nondo za dirisha. Nondo alizichukua, akabaki na mazungumzo.

Siku moja nilikuwa nalalamika kwamba kazi imepungua, nikamalizia kama alivyomalizia baba: maji yakijaa hupwa. Mwalimu akaweka bilauri chini, akaniuliza kama nimewahi kuyaona maji yakijaa na kupwa. Nikamwambia vizuri sana, pale Nyabugogo, mvua ikipiga bonde lote linakuwa ziwa, baadaye jua linalinywa. Alicheka mpaka mwanamke mwenye nyumba akageuka kutuangalia. Akanieleza kwamba hayo siyo maji ya methali. Ya methali ni ya bahari, yanapanda na kushuka kila siku bila tone la mvua, yanavutwa na mwezi. Nikamwambia hilo la mwezi akawadanganye wanafunzi wake.

"Unaona, bosi?" akasema. "Neno hilo umelisema maisha yako yote na hujawahi kugusa kilicho chini yake. Umerithi kifuniko. Sufuria ilibaki pwani."

Mimi si mtu wa kushindwa kwa maneno. Nikamjibu kwamba kifuniko changu kinafanya kazi vizuri tu: nikisema maji yakijaa hupwa, mafundi wangu wanavumilia, na mwezi haunihusu. Hapo akasisimka, akasogeza dawati. Akasema nimegusa penyewe, kwamba watu wa falsafa wamegombana juu ya hilo tangu zamani. Neno kubwa, kama haki, kama urafiki, kama uaminifu, linapata wapi uzito wake? Katika vitu tulivyoviona na kuvishika, au tunazaliwa nalo na vitu vinakuja baadaye kujipanga chini yake? Mimi nikamwambia suala hilo nilikwisha kulimaliza karakanani. Chuma kikitoka motoni kinakuwa chekundu, kila mtu anakikimbia. Kikirudia weusi wake joto bado limo, na hapo ndipo mgeni anakishika. Anayelijua neno moto kwa mdomo anaangalia rangi. Mimi nalijua kwa ngozi. Nikampandishia mkono wa shati nikamwonyesha kovu la kuungua.

Alilitazama kovu lile kama mtu anayesoma. Nilikuja kusikia kwamba mfano wangu alikuwa akiutumia darasani, na sikusikia kwamba alinitaja. Wakati ule jambo hilo lilinifurahisha. Fundi wa darasa la nne anafundisha sekondari kwa mdomo wa mtu mwingine!

Oktoba ya mwaka wa tisini vita vikaanza kaskazini, na mjini watu wakaanza kuchukuliwa. Kitambulisho chenye kabila lisilotakiwa na kichwa chenye shule vilitosha. Mwalimu alikuwa na vyote viwili. Mke wake alikuja karakanani kwangu amefunga kitenge kinyume, hakujua. Hakulia. Aliniambia tu kwamba mumewe hajarudi, akakaa juu ya mabati.

Kulikuwa na mkubwa mmoja wa serikali niliyemtengenezea geti, na geti lile lilikuwa limemletea sifa mtaani kwake. Nilivaa suti, nikaenda. Watu walinikataza. Waliniambia Mswahili akae na Uswahili wake, vita si vyake. Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka wakachoka kuniona. Mkubwa akaniita ndani, akaniuliza kama namjua huyo mwalimu. Nikasema namjua. Akaangalia kalamu yake.

"Unamjua, au unamsikia?"

"Namjua kama mkono wangu, mkubwa."

Alimtoa. Alitoka amekonda, sikio moja limevimba, viatu havina kamba. Nilimpeleka kwake kwa gari langu.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kwenye nyumba ya maziwa. Ilikuwa alasiri, watu wamejaa. Aliinuka, akasubiri wanyamaze, akasema kwa Kinyarwanda kizuri cha wazee, kile ambacho mjini hukisikii, kwamba mtu huyu amemrudisha kwa watoto wake, na kwamba kwa hiyo anampa ng'ombe.

Sitaweza kukueleza sauti iliyotoka humo ndani. Kwenu labda ng'ombe ni nyama, au ni maziwa. Kwa Wanyarwanda mtu akikupa ng'ombe amekwisha kufungana nawe: watoto wako ni wake, msiba wako ni wake, na siku ukiapa utaapa kwa jina lake. Na nani amepewa? Mtoto wa mchukuzi wa chumvi. Nilisimama na sikujua la kufanya. Mzee mmoja wa pale, muuza fimbo na vyombo vya kukamulia, alinifundisha papo hapo: inua mikono kama pembe, mtaje aliyekupa, sema hivi na hivi. Nikainua. Nikasema. Lafudhi yangu ya Nyamirambo iliwachekesha, lakini walipiga makofi.

Mzee yule akaniuliza kwa Kiswahili chake, taratibu, "Na ng'ombe iko wapi?"

Mwalimu akajibu kwamba yuko kwa mama yake, kilimani, upande wa Gitarama. Njia zikitulia tutakwenda. Mzee akaguna. Akasema kwao ng'ombe anaonwa kwanza, unampapasa mgongo, unapewa fimbo yake, ndipo unashukuru. Nikamwambia, muzehe, hapa ni Kigali, na mimi mtu huyu namwamini. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa kilimani asingelifanya hata akiwa amelewa. Mswahili wa mjini tu ndiye angeshukuru ng'ombe ambaye hajamwona, kwa kuwa kwake neno lenyewe lilikuwa limetosha kumlewesha.

Njia hazikutulia. Kila mahali vizuizi, kila safari ruhusa, kila ruhusa foleni. Badala ya kwenda, nilipata habari zake. Mwalimu alinieleza ng'ombe wangu kidogo kidogo, kila alasiri. Kahawia iliyoiva kama buni ya kukaangwa. Tone jeupe katikati ya paji la uso, kama maziwa yaliyomwagika. Pembe zimefunguka mbali kabla ya kupanda juu. Hashushi maziwa mpaka aimbiwe, na haimbiwi wimbo wowote, ana wimbo wake. Mvua ikinyesha anageuza mgongo upande wa upepo na kumkinga ndama. Alipozaa, mwalimu alinihadithia kuzaa kwenyewe mpaka mwanamke mwenye nyumba ya maziwa akaacha kuosha bilauri. Nilimjua ng'ombe yule. Nakwambia nilimjua. Ningeweza kumtambua kati ya kundi zima nikiwa nimelala usingizi.

Tena siyo maneno peke yake. Alikuwa akiniletea maziwa. Katika chombo cha mti, cheusi kwa ndani kwa moshi wa majani, na kifuniko cha ukindu kilichochongoka. Ya ng'ombe wako, bosi, aliniambia, yameletwa jana kutoka nyumbani. Nilikunywa na ladha ya moshi ikanipanda puani. Niliyapeleka karakanani, nikawaonjesha mafundi na wateja, nikawaambia nyinyi mnakunywa ya birika, haya ni ya mtu aliyepewa. Nikaanza kuapa kwa mwalimu. Mteja akibisha kwamba chuma changu ni chepesi, namwapia aliyenipa ng'ombe, na mteja ananyamaza. Hapo ndipo nilipomwambia mwalimu kwamba sasa na mimi nimeinua kifuniko, na chini yake kuna chakula. Alitabasamu, akaangalia pembeni. Nilidhani ni haya.

Mwaka wa tisini na tatu mdogo wangu akataka kuoa. Msichana alikuwa wa hapo hapo Gikondo, kwao watu wa ng'ombe tangu mababu, ingawa walikuwa wakiishi kwa duka la vipuri. Mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba. Tulikwenda na watu wetu, tukakaa upande wetu, wao upande wao, na maneno yakaanza kama yanavyoanza, ya mafumbo na ya kuvutana. Msemaji wao alikuwa mjomba wa msichana, mtu mfupi mwenye kofia, ulimi wake ungeweza kunyoa. Alisifu suti yangu. Alisifu viatu vyangu. Halafu akawageukia wenzake.

"Hawa watu ya Nyamirambo ni watu muzuri. Shida iko moja. Ng'ombe yao inatembea ndani ya bahasha."

Walicheka wote, na baadhi ya watu wetu pia. Ni kweli, mjini siku hizo wengi walileta bahasha ya pesa ya mahari, wakaiita ng'ombe, na hakuna aliyeumia. Ningeweza kucheka nao. Mdogo wangu alikuwa ananiangalia, akiniomba kwa macho nicheke. Lakini nilikwisha kusimama. Nikawaambia kwamba bahasha wataipata kwa wasio na watu. Mimi nitaleta ng'ombe mwenye kwato, mwenye ndama nyuma yake, niliyepewa na rafiki kwa sababu inayojulikana mjini. Nikawapa rangi yake, tone lake, pembe zake, wimbo wake. Nilizungumza kama mwalimu. Mjomba aliacha kucheka, akavua kofia, akasema kwamba kama ni huyo niliyemsema, basi hawataki kingine chochote. Siku ikapangwa.

Mwalimu nilipomwambia kwamba nakwenda kumchukua, uso wake ulibadilika kidogo. Akasema ng'ombe ana mimba tena, asitembezwe. Siku nyingine akasema kuna ugonjwa wa miguu kilimani. Siku nyingine vizuizi. Kila sababu ilikuwa nzuri, na mimi nilizikubali zote, moja baada ya nyingine, ila siku ya harusi haikungoja. Nikapata ruhusa kwa wale wakubwa niliowatengenezea mageti. Nikamchukua mdogo wangu, tukapanda pikapu, na mwalimu sikumwambia. Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka siku hiyo aone ng'ombe ameingia na mimi nimeshika fimbo.

Kilima tulikipata kwa kuuliza. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mzee, amekaa mbele ya nyumba anachambua maharage. Nilijitambulisha kwa Kinyarwanda cha mama yangu. Aliposikia mimi ndiye niliyemtoa mwanawe, alinishika mikono yote miwili, akanikumbatia kwa ile namna ya polepole ya wazee, upande huu, upande ule. Nikamwambia nimekuja kumwona ng'ombe. Akaniuliza ng'ombe gani. Nilidhani anatania. Nikamweleza: kahawia ya buni, tone la maziwa usoni, pembe zilizofunguka, ana wimbo wake.

Mwanamke yule aliweka ungo chini.

"Nani alikwambia habari zake?" akaniuliza.

"Mwanao, mama."

"Huyo ng'ombe alikufa mwanangu akiwa hajaanza shule. Waliotuvamia walimchinja, wakala, na nyumba wakaichoma. Tangu hapo sijapata kuwa na ng'ombe."

Aliniambia hivyo bila kulia, halafu akatabasamu, akaimba. Wimbo wenyewe, ule ule, kwa sauti nyembamba, akiangalia pahali penye majani marefu ambapo, nadhani, palikuwa na zizi. Alifurahi. Alidhani nimekuja mbali kote huko ili kumkumbusha ng'ombe wake, na alinishukuru, akatupa maharage tubebe. Mdogo wangu aliyapokea. Mimi nilikwisha kuelekea kwenye gari.

Kwenye gari mdogo wangu alisema, "Kaka, tuwaambie ukweli, tupeleke bahasha, yaishe." Nikamwambia anyamaze.

Mwalimu nilimkuta mahali petu, kwenye dawati letu. Sikumpigia kelele, na wanaonijua hawaamini hilo mpaka leo. Nilikaa. Nikamwambia mama yake anamsalimu. Alielewa hapo hapo, na rangi ikamtoka.

"Mtu akikutoa mahali pale, unampa ng'ombe," akasema. "Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na huyo."

"Huyo amekufa."

"Kwangu hajafa. Namjua kuliko kitu chochote nilichokisoma. Sikukupa maneno matupu, bosi. Kila nililokwambia niliwahi kulishika."

"Wewe ulilishika. Mimi je?"

Alisogeza bilauri kando. Nikamwuliza maziwa yalitoka wapi. Alisugua meza kwa kidole, halafu akainua macho kuelekea kwenye ndoo yenye kitambaa, pale pale, hatua chache kutoka tulipokaa. Chombo kilikuwa cha mama yake. Moshi ulikuwa wa kweli. Maziwa yalikuwa ya hapa.

Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria kitu chochote kisicho na chuma ndani yake. Ng'ombe wa mdomo ningemsamehe. Maskini hutoa maneno, na maneno yake yalikuwa mazuri, sijasikia mazuri zaidi. Lakini mtu huyu nilikuwa nimemwonyesha kovu langu. Nilikuwa nimemwambia kwamba mimi siamini mpaka nishike, na yeye alilisikia hilo akaliweka. Alijua maneno peke yake yangenichosha siku moja, ningepanda gari, ningekwenda kuona. Ndiyo maana akanitilia maziwa mdomoni. Alitengeneza uongo kwa kipimo cha mlango wangu, kama mimi ninavyopima geti. Na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba ulimi wangu haukudanganyika. Ulionja maziwa, na yalikuwa maziwa. Ulionja moshi, na ulikuwa moshi. Kilichokuwa uongo ni neno moja dogo, "yangu", na hilo halina ladha. Hulioni, huligusi, unaweza kulishika tu kwa kumwamini anayekwambia. Miaka yote nilijisifu kwamba mimi nimejua kwa ngozi. Ngozi haijui kitu cha nani.

Naandika haya nikijua kwamba huenda hayupo tena kuyasikia. Mwaka uliofuata, wa tisini na nne, ulifanya mjini na kilimani yale ambayo kila mtu anayajua, na baada ya hapo niliulizia kwake, kwa mke wake, kwa yule mama, sikupata wa kunijibu. Hasira yangu haikufa kwa hilo. Imekosa tu mahali pa kwenda.

Basi, harusi. Nilikwenda mnadani mwenyewe. Sikutafuta ng'ombe mzuri, nilitafuta ng'ombe anayefanana na maneno. Wauzaji walinicheka, wakauliza mimi nanunua mnyama au picha. Kahawia nilimpata, pembe nilizipata, ndama nilimpata. Tone la usoni sikulipata. Yule niliyemchukua alikuwa na doa jeupe ubavuni.

Siku yenyewe ng'ombe aliingia kwa Wanagikondo na watu wakasimama. Nilikuwa nimejipanga kusema maneno machache na kukaa. Lakini mjomba mwenye kofia akainua mkono. Akasema jambo kubwa kama hili lina mwenyewe, na yeye kama mtu wa adabu alimtafuta mwenyewe huko Muhima, akamwalika. Nikageuka. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, koti safi, amenyoa. Mjomba akamwomba aliyetoa ng'ombe amseme ng'ombe wake.

Alinitazama. Kama angekuwa na aibu angekohoa, angesema anaumwa. Kama mimi ningesema neno moja, harusi ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha, na kila Mswahili wa Nyamirambo angekuwa ndani ya bahasha maisha yake yote. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mwalimu akasimama.

Alimsifu ng'ombe yule wa mnadani kama alivyosifiwa yule wa mama yake. Buni ya kukaangwa, pembe za kufungua mlango, mgongo wa kukinga ndama. Nikasubiri afike kwenye tone, nione atakwama wapi. Hakukwama hata kidogo. Alisema kwamba tone la maziwa lilikuwa juu ya uso, lakini siku alipotolewa kwa rafiki lilitiririka likashuka ubavuni, likitafuta upande wa yule anayepewa. Watu walipiga kelele ya furaha. Wanawake walipiga vigelegele. Mjomba alifuta macho kwa kofia yake, na mimi, Mungu ananiona, moyo wangu uliruka pamoja nao kabla sijauzuia.

Kisha wakanigeukia. Aliyepewa lazima ashukuru. Niliinua mikono kama pembe, nikamtaja mbele ya watu wote, nikaapa kwake kwamba ng'ombe huyu ni wake na sasa ni wangu na sasa ni wenu. Sauti yangu haikutetemeka. Yeye aliinamisha kichwa kupokea shukrani, kwa heshima yote, kama mtu aliyetoa.

Mdogo wangu alioa. Ni ndoa nzuri, na ng'ombe yule alizaa. Wakati wa kuagana mjomba alinivuta pembeni, akaniegemea bega. Alinuka pombe ya ndizi na furaha.

"Mimi nilikuzarau, nisamehe," akasema. "Mutu ya namna ile mujini hakuna tena. Umushike sana."

Nikamwambia, "Ndiyo, muzehe."